Mama Mkwe wa Treni ya Ijumaa

Kwa kiangazi kizima Bulaimu hakuona jambo lililokuwa mbele ya macho yake kila Jumamosi. Alikuwa karani wa mizani katika stesheni ya Kindu, mtu aliyeweza kutambua kwa kutazama tu kwamba gunia la mpunga wa Kibombo limepunguzwa vikombe viwili njiani. Lakini hakutambua kwamba mwanamke aliyebishana naye bei ya mananasi ndiye aliyemlea Jamila, mwanamke aliyetaka kumwoa. Kwa kumtetea, hakuna aliyemwambia. Kwa haki, naye hakuuliza.

Mambo yalianza na friji. Mgiriki mmoja mwenye duka, biashara yake ilipotaifishwa, aliuza kwa haraka kila kitu kisichoingia sandukuni, na Bulaimu akapata friji ya mafuta ya taa yenye nafasi kubwa ya kugandishia. Majirani walidhani atauza samaki. Yeye akaweka matunda.

Alikuwa na kanuni yake, naye aliieleza kwa yeyote aliyekosa pa kukimbilia. Treni ya mizigo kutoka kusini iliingia Ijumaa, ikileta matunda na wauzaji wake. Jumamosi asubuhi mji mzima ulikuwa kwenye salongo, ile kazi ya pamoja ya kufyeka majani na kuzibua mifereji kwa amri ya Chama, na soko halikuchangamka hadi saa tano. Kufikia hapo matunda yalikuwa yamepikwa na safari na jua, na wauzaji walitaka yaondoke kabla hayajaoza. Mtu mwenye friji, alisema Bulaimu, hununua saa ambayo wengine wanaogopa.

Nyumbani aliyamenya, akayakata vipande, akavitandaza kwenye sinia bila kugusana ili visishikane kuwa jiwe moja. Vilipoganda alivitia katika makopo ya maziwa ya unga na kuandika tarehe kwa chaki. Ndizi alizigandisha na maganda yake mara moja tu. Donatien, mpiga telegrafu wa stesheni, alimkuta akizimenya kwa wembe wa kunyolea ndevu, na habari hiyo ilifika bandarini kabla ya jua kuzama. Alipotaka kinywaji, alivisaga vipande vikiwa bado vigumu katika mashine ya mkono ya kusagia nyama, akaongeza maziwa na asali. Kilichotoka kilikuwa kizito kama uji, chenye baridi ya kuuma meno.

Jamila alikuwa mkunga wa maternite, hospitali ya kujifungulia. Alikuja mara ya kwanza na thermos kuomba barafu ya wagonjwa, akarudi na barafu na kikombe cha nanasi lililosagwa. Juma lililofuata alikuja na thermos mbili. Wanawake waliotoka kujifungua, alieleza, walikataa chakula lakini kile kinywaji hawakukikataa. Bulaimu akaanza kununua vikapu vitatu badala ya kimoja, na juma la sita, kwenye kizingiti, akasema neno lake: alitaka kumwoa.

"Mimi sina baba wala mama," alijibu Jamila. "Nililelewa na mama mudogo wa Kibombo. Yeye njo atasema ndiyo ao hapana. Iko mukali kidogo."

"Mukali namna gani?"

"Anaangalia muntu."

"Atanikuta wapi?"

"Atakuja na treni, halafu siku ya Mungu nitamuleta hapa kwako," akasema Jamila, akiinama kufunga kifuniko cha thermos kwa uangalifu uliozidi haja.

Jumamosi iliyotangulia ziara hiyo, Bulaimu alitoka salongo na matope viatuni, akaenda moja kwa moja kwa Mama Hawa, muuzaji wake wa kila juma.

"Sitwaye wa mizani," Mama Hawa akamwita. Chama kilitaka watu waitane raia, tena kwa Kifaransa, naye alilitamka neno hilo kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani. "Leo umekuja kupima nini?"

"Nanasi hizi zimechoka, mama."

"Nanasi haichoki. Wewe njo umechoka, umetoka kufyeka majani."

"Hii iko na jicho laini."

"Hata wewe."

Wanawake wa pembeni wakacheka. Mama Hawa akataja bei. Bulaimu akataja nusu yake. Mama Hawa akayafunika matunda kwa gunia, taratibu, kama anayefunika maiti. Bulaimu akapiga hatua tatu kuondoka, akaitwa, akarudi. Hivyo ndivyo walivyofanya kila Jumamosi, na kama mmoja wao angekosea hatua, mwingine angeona amedhulumiwa.

"Leo unipunguzie zaidi," akasema Bulaimu. "Ni za mugeni."

"Mugeni mukubwa?"

"Mama muzee moja wa Kibombo. Anakuja kesho kuniangalia, juu ya mukunga wa maternite. Wanasema iko mukali. Lakini ulimi wa muzee, mama, ukishikwa na baridi hautajua kama nanasi ni ya leo ao ya juzi."

Mama Hawa akalivuta gunia pembeni. Akachagua mananasi manne mwenyewe, akayanusa kitako moja baada ya jingine, akayaweka kikapuni. Juu yake akaweka papai kubwa lililoiva sawasawa, likiwa matabishi, ile nyongeza ambayo muuzaji hutoa bila kuombwa.

"Na bei?" akauliza Bulaimu.

"Bei yako. Muzee huyu nataka anywe muzuri."

Bulaimu akaenda zake akijiona mshindi.

Jumapili alasiri alivaa abakosi yake ya kijivu, lile koti la Chama lisilovaliwa na tai, akaifunga hadi shingoni. Donatien alikuja kusema kwa niaba yake, kwa kuwa mtu hajisemei katika shughuli kama hiyo. Jamila akaingia, na nyuma yake akaingia mama yake mdogo. Bulaimu aliinua macho kusalimu, kisha akayashusha hadi kwenye vidole vya miguu yake, akayaacha huko.

Mwanamume wa kwao hamtazami mama mkwe usoni. Wala hali chakula mbele yake. Na kubishana naye ni jambo ambalo hata walevi hawalifanyi. Akiwa ameinama, Bulaimu alikumbuka kiangazi kizima: kwamba aliita kapu la mama huyu hospitali, kwamba alimwambia papai lake linahitaji padri wala si mnunuzi, na kwamba jana tu aliudharau ulimi wake.

Jamila akampa mama yake kikombe. Mama Hawa akanywa polepole hadi nusu.

"Nanasi hii naijua," akasema. "Ilikuwa na jicho laini."

Donatien, ambaye hakujua lolote, aliona afadhali aanze. "Mama, huyu ndugu yangu ni muntu wa heshima."

"Heshima yake naisikiaga kila Jumamosi." Akaweka kikombe chini. "Mimi nataka neno moja. Muntu moja, hana bibi, hana mutoto, ananunua vikapu vitatu. Nilisema: huyu anapunguza bei kwangu, halafu anauza kwa wengine. Wenye kufanya vile siwapi mutoto wangu. Friji iko wapi?"

Ilikuwa pembeni mwa chumba. Akaifungua mwenyewe. Mlikuwa na makopo mawili tu, na sinia tupu.

"Na zingine?"

Jamila ndiye aliyejibu. "Wamekunywa wanawake wenye kuzaa, mama. Mimi njo nabeba."

"Wanalipa?"

"Hawalipi. Hata siku moja huyu hakuuliza pesa."

Mama Hawa akasimama mbele ya friji iliyo wazi, baridi ikimpiga usoni. Kisha akasema, lakini hakumgeukia Bulaimu wala Donatien.

"Wewe, friji," akasema. "Umwambie bwana yako kwamba anajua kununua, lakini nanasi anakata vipande vikubwa sana. Umwambie tena, Kibombo tunamungojea na wazee wake, mwezi ukiandama."

Bulaimu, karani wa mizani, safari hii aliona. Mama mkwe hasemi na mkwe wake moja kwa moja. Husema na mtoto, na ukuta, na chochote kilicho karibu. Jana mwanamke huyu alimtazama machoni akamwambia kwamba hata yeye ana jicho laini. Leo alikuwa anazungumza na friji.

Donatien naye alielewa, akapiga makofi mara moja, kwa adabu.

"Na umwambie," Mama Hawa akaendelea kuiambia friji, akiifunga mlango, "mukwe habishani bei na mukwe."

Bulaimu alimgeukia Jamila, akanong'ona: "Ulijua kama ni yeye?"

"Wewe njo unaonaga gunia lenye kupungua," akasema Jamila.

Walioana baada ya mwezi kuandama. Tangu Jumamosi iliyofuata ziara ile, Bulaimu alilipa bei ya kwanza aliyotajiwa, macho yakiwa chini, na matunda ya nyumba yake yakawa ghali kuliko ya nyumba nyingine yoyote ya wafanyakazi wa reli.