Uhamisho wa Sauti ya Ruthi

Alhamisi ya pili ya muhula, saa nne kasoro robo asubuhi, Madam Priska alichomoa kishikwambi kwenye chaja, akakifuta vumbi la chaki kwa upindo wa kitenge, akaingia nacho Darasa la Sita. Shule iko juu huko Mamba, mahali ambapo madirisha ya darasa yanatazama mashamba ya tangawizi, na mashamba ya tangawizi yanatazama ndiva, bwawa la wazee linaloyanywesha. Kishikwambi kilikuja na mradi uitwao Nisikike. Kila Alhamisi kila mtoto alitakiwa aseme, kwa dakika moja, wiki hiyo amejifunza nini na nini kimemsumbua. Palipobonyezwa kurekodi paliandikwa Sauti Yangu, na chini yake Tafakari Yangu.

Watoto thelathini na mmoja walisema wamejifunza hesabu za sehemu, na kilichowasumbua ni hesabu za sehemu. Wa mwisho alikuwa Ruthi, msichana wa miaka kumi na miwili mwenye sauti nyembamba yenye kithembe kidogo.

"Jana sikujifunza kitu," alisema Ruthi. "Tulipalilia tangawizi ya mwalimu mkuu tangu asubuhi. Doreen amekatwa kidole na jembe, akaambiwa aseme amebanwa na mlango. Kinachonisumbua ni kwamba darasa letu halina mlango."

Mwalimu mkuu, Hezroni, aliisikiliza dakika hiyo ofisini mara mbili. Hakukasirika, si mtu wa makelele. Alibonyeza Futa, kishikwambi kikadai neno la siri, na neno la siri alikuwa nalo afisa wa mradi kule Same mjini. Chini ya Futa paliandikwa Hamisha. Hapo Hezroni alitabasamu. Katika miaka thelathini ya kazi alishajua uhamisho ni nini: mwalimu mwenye mdomo hafukuzwi, anahamishwa, anafunga godoro lake, na huko aendako hasikiki tena. Akabonyeza. Kishikwambi kikauliza kama sauti ihamie kwa mmiliki wa kifaa. Mmiliki, kwa akili yake, ni serikali, na mbali kuliko serikali hakuna. Akakubali. Alikuwa amesahau kwamba fomu ya kupokelea kifaa alisaini yeye, kwenye mstari wa mmiliki.

Kisha alitoka barazani kumwita Ruthi aje na fimbo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Ruthi, nyembamba, na kithembe chake. Ruthi alifika haraka. Alipofungua kinywa hakikutoka kitu. Alichapwa nne za mkononi, akalia bila kusikika, na walimu wengine wakaona ni nafuu, maana Darasa la Nne walikuwa kwenye jaribio.

Jumapili Hezroni alisoma somo kanisani kwa sauti hiyo hiyo. Mwalimu wa kwaya alimlalamikia jambo moja tu, kwamba bado anasimama na besi kwa mazoea. Akamsogeza sauti ya kwanza.

Shida ilikuwa nyumbani. Ruthi aliishi na bibi yake, Asteria, ambaye macho yalikwisha kuona zamani, na mjukuu wake alimtambua kwa sauti tu. Siku ile ya Alhamisi alisikia miguu mlangoni, akasubiri shikamoo, haikuja. Akauliza nani mara tatu. Ruthi alipiga makofi. Bibi akasema Ruthi wake hapigi makofi mlangoni kama mgeni wa Hedaru huko tambarare, akatia komeo. Ruthi alikula kwa jirani, Mama Beatha, akalala huko, na akaendelea kulala huko.

Mama Beatha alijaribu kumweleza bibi. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: sauti sasa iko wapi? Akaambiwa iko ofisini kwa mwalimu mkuu. Bibi akasema mtoto yuko iliko sauti yake, kesho yeye bibi apelekwe huko. Wa kumpeleka hakuwepo ila Ruthi, akamshika mkono, wakapanda, Ruthi amebeba kikapu cha ndizi mbivu.

Hezroni alimwona mtu mzima, na adabu anayo. Akasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema bibi, akakaa kwenye benchi. "Mbona umenikimbia? Kuna anayekupiga huku?"

Hezroni alimtazama Ruthi aliyesimama pembeni na kikapu.

"Hakuna, bibi. Huku tunasoma tu."

Bibi alimshukuru Mungu, akamkabidhi ndizi. Hezroni alikula mbili pale pale, bibi akisikiliza anavyotafuna.

Madam Priska hakupenda. Alisoma maelekezo ya mradi usiku na mchana, akagundua kwamba sauti inarudishika, ilimradi mmiliki abonyeze Kubali. Akampelekea kishikwambi mezani. Mwalimu mkuu akasema atatafakari. Kila Alhamisi, watoto walipomaliza, na yeye alirekodi dakika yake: bado anatafakari.

Mwisho wa muhula afisa alipanda kutoka Same, suruali imejaa vumbi la bodaboda. Alitaka kusikia sauti moja ya mwanafunzi papo hapo, isiyorekodiwa. Hezroni akasimama mwenyewe, akasema wanafunzi wanafurahi, wanasikilizwa, na shambani hawapelekwi. Afisa aliuliza kama hiyo ni sauti ya mwanafunzi kweli. Madam Priska, ambaye barua yake ya uhamisho ilikuwa juu ya meza chini ya kikombe cha chai, haijasainiwa, akasema ndiyo, ni ya mwanafunzi kweli. Swali la nani anayeitumia halikuwemo kwenye fomu. Afisa akatia tiki. Shule ilipewa cheti na vishikwambi vingine kumi, na Hezroni akasaini vyote kwenye mstari wa mmiliki.

Jumatano bado ni ya tangawizi. Kidole cha Doreen kilipona kimepinda, na mlango wa darasa haujawekwa. Kila Ijumaa Ruthi humshika bibi mkono, humpandisha shuleni polepole, humwonyesha mawe kwa kumbana kiganja.

Ijumaa iliyopita bibi alikawia kuondoka. Alikuwa akiupapasa ule mkono uliomleta, malengelenge ya jembe moja baada ya jingine.

"Na huyu mtoto wa jirani anayenileta," alimuuliza mwalimu mkuu, "mbona hasemi? Au ana jambo?"

"Huyo," ikajibu sauti ya Ruthi, kinywani mna ndizi, "hana neno, bibi."

Bibi akasema basi vizuri, akasimama, akaunyoosha mkono ili aongozwe nyumbani.