Jibu la Evon

Kwetu Alaska, mtoto wa kiume wa shangazi yako ni mume wako wa utani. Unamsema mbele za watu mpaka washike mbavu, na yeye haruhusiwi kukasirika. Anaruhusiwa kitu kimoja tu: kukujibu. Evon amekuwa mume wangu mdogo tangu tulipokuwa watoto tukiibiana samaki wakavu.

Shangazi alikufa kwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka hamsini na mmoja. Evon sasa alikuwa na arobaini na sita. Mimi ndiye mhudumu wa afya wa kijiji. Miaka sita nilimwomba akapimwe utumbo kwa kamera, na miaka sita alikataa. Niliogopa kumzika.

Februari watafiti wa Anchorage wakaniletea sanduku la vikopo vya kuwekea choo, viwili kwa kila mtu, virudi kwao kwa ndege. Kimoja cha kupima damu iliyojificha kwenye choo, kingine cha kutafuta bakteria fulani wa tumboni, ambao wamekutwa wamejazana ndani ya uvimbe wa saratani. Hawajajua bado kama ndio wanaouleta au wanaukuta tu na kuhamia. Nikampelekea Evon vyake. Alikuwa nje anachuna sili, mnyama wa baharini aliyemwinda.

"Olinka, mke wangu mdogo! Umeniletea zawadi?"

"Vikopo. Unajua vya nini."

Akavitazama kwa kinyaa. "Mavi yangu hayajawahi kupanda ndege, na hayataanza leo."

"Evon, mama yako..."

"Mama usimtaje." Akainamia sili wake.

Nilirudi nyumbani nikilia kwa hasira. Kumbembeleza kulishashindikana. Nikaenda kwa wapiga ngoma, nikawaomba wanitungie wimbo.

Machi, siku ya ngoma, ukumbi ulijaa wageni wa vijiji vitatu. Kwetu wanaume hucheza mbele wamepiga magoti, wanawake nyuma wamesimama. Mimi nikavaa kofia ya manyoya ya kiume, nikapiga magoti mbele kabisa. Nikamwigiza Evon anakutana na dubu: hatetemeki. Barafu inapasuka chini yake: hatetemeki. Kisha anakutana na kikopo. Nikajifanya natupa bunduki, nikakimbia kwa magoti ukumbi mzima.

"Rudia! Rudia!" watu wakapiga kelele. Nilirudia mara nne. Evon alikuwa mwekundu mpaka masikioni, lakini desturi ni desturi, akacheka.

Kesho yake nilimkuta mlangoni pa zahanati kabla sijafungua, vikopo viwili ndani ya mfuko wa mkate.

"Shika. Na pale pa kukimbia ulizidisha. Mimi sikimbii hivyo."

"Unakimbiaje?"

"Kwa heshima!"

Majibu yaliporudi, damu ilionekana. Aprili akakubali kamera hospitalini, wakakuta uvimbe mkubwa kama zabibu, wakauondoa hapo hapo. Wiki moja baadaye akanipigia simu.

"Haujageuka," alisema. "Daktari anasema ungeachwa, ungekuwa saratani. Olinka, haujageuka."

Nilipiga kelele mpaka mbwa wa jirani wakabweka. Watafiti nao walipata bakteria wao kwenye kile kikopo cha pili, wakawahifadhi, na Evon hadi leo anajitapa kwamba sehemu yake moja iko chuo kikuu.

Ngoma iliyofuata, alitoka mbele amevaa gauni langu la kuchezea, aliloliazima kwa binti yangu kwa siri. Akaniigiza mimi: natembea nimebinua midomo, nagawa vikopo kushoto na kulia, namnyooshea kila mtu kidole. Kisha nabaki na vikopo viwili mkononi. Nasoma jina. Natazama huku na huku, navificha nyuma ya bandeji kabatini.

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Na ilikuwa kweli. Nina miaka arobaini na nane, shangazi alikuwa damu yangu pia, na vikopo vyangu vilikaa kabatini tangu Februari. Aliviona asubuhi ile nilipofungua kabati kuweka vyake.

Nilitaka kujificha. Halafu nikamtazama vizuri: mzima, amenenepa, gauni langu linambana kifuani, ananiaibisha mbele ya vijiji vitatu. Furaha ilinipanda mpaka machozi yakanitoka. Nikasimama juu ya benchi.

"Rudia!" nilipiga kelele, kabla ya mtu mwingine yeyote. "Rudia, mume wangu mdogo!"

Alirudia mara sita. Jumatatu vikopo vyangu vilipanda ndege.