Mruko wa Mkasi

Mwalimu Ekwam alikuja kwangu asubuhi, akavua viatu nje ya boma kana kwamba ameingia msibani. Nilimpa kigoda. Hakukikalia mpaka niliposema mara ya pili.

"Ejok, mama," akanisalimu.

"Ejok-noi, mwalimu."

Nilimpa chai, akainywa yote. Nilimwacha. Mtu mwenye jambo zito hasukumwi.

"Nimekuja kwa ajili ya binti yako Atabo," akasema mwishowe. "Nataka kumfundisha kuruka juu. Mashindano ya Lodwar yamekaribia. Lakini bila neno lako simwambii kitu."

Longor, kaka yake Atabo, alikuwa nyuma yetu akimfunga mbuzi kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haunyooki kiwikoni tangu mwaka jana. Mwalimu huyu aliwafundisha kuruka kwa mgongo, kama alivyoona kwenye simu. Longor aliuvuka ufito vizuri kabisa, ila akauangukia mkono. Tulimpeleka hospitali Lodwar kwa pikapu, mkono umefungwa kwa leso yangu, na njia nzima hakulia.

"Ule mruko ni wa magodoro," mwalimu akasema, macho chini. "Mimi niliufundisha kwenye mchanga. Sasa nafundisha mkasi peke yake. Mtoto anavuka wima, anatua kwa miguu."

"Na akianguka?"

"Anaweza kuanguka, mama. Siwezi kukudanganya."

Angeniapia kwamba hataanguka, ningemwambia avae viatu vyake aende. Nikamjibu kwamba nitakuja kwanza nione, ndipo niseme.

Jioni nilienda shuleni. Shimo la kutua lilikuwa limejazwa mchanga wa mto Tarach. Nilipiga magoti nikaupekua kwa vidole mpaka chini, nikatoa vijiwe, mwiba na kipande cha mfupa wa mbuzi. Watoto walisubiri kando.

Kisha Atabo akakimbia. Alipoufikia ufito alisimama, akaunganisha miguu, akaruka juu wima kama turukavyo kwenye ngoma yetu ya edonga. Akashuka juu ya ufito wenyewe.

"Dada, hii si edonga," Nyakim, rafiki yake mrefu wa kutoka kambi ya wakimbizi, akamwambia. "Hapa hakuna mwanaume wa kukutazama."

"Kwani nyinyi kwenu hamrukagi hivi hivi?"

"Tunaruka. Ndiyo maana hata mimi nilikosea wiki nzima."

Mwalimu alichana kitambaa, akamfunga Atabo kwenye kifundo cha mguu wa kushoto. "Huu ndio unaosukuma ardhi," akasema. "Wa kulia unatangulia juu, huu unaufuata. Na usisimame njiani." Akamtembeza kwanza bila ufito, polepole, mara nyingi kuliko nilivyodhani mwalimu kijana anaweza kuvumilia. Ndipo akauweka ufito, usawa wa kiuno cha mtoto.

Atabo alikimbia, akasukuma kwa kushoto. Mguu wa kwanza ulipita. Kisigino cha mguu wa pili kikaugonga ufito, naye akaanguka ubavu, kiganja mbele.

Atabo aliketi mchangani. Alikunja vidole, akazungusha kifundo cha mkono. Akakunja kiwiko, akakikunjua taratibu. Kilinyooka chote.

Nilitaka kumshika nimrudishe nyumbani, mlango tuufunge. Lakini yeye hakuwa akiangalia nyumbani. Alikuwa akiangalia alama ya mguu wake pale aliporukia, akipima kwa macho.

Mwalimu alikuwa ameuokota ufito. Aliushika tu, akinitazama.

"Urudishe juu," nikamwambia.