Neno Lililopoteza Moto Wake

Siku askari walipomchukua Ézéchias, moto wa nyumbani kwake ulikuwa umefunikwa vizuri kwa majivu, kama serikali ilivyoagiza. Ilikuwa mwaka wa sitini na nne. Waasi wametoka Butembo, mashariki ya Kongo, jeshi limerudi. Asubuhi ile mpiga mbiu alipita sokoni akitangaza neno la Kifaransa, couvre-feu, akalifasiri alivyoweza: jua likizama, kila mutu afunike moto. Watu wakacheka kwamba serikali sasa inatawala hadi jikoni.

Jioni Ézéchias akafunika makaa. "Nimetii," akamwambia mkewe, Hulda. "Donc narudisha jembe ya jirani Zorobabel." Akatoka, na hakurudi.

Kesho yake, kwenye kambi ya jeshi, Hulda aliambiwa bwana yake amevunja couvre-feu. Akakataa, akawaomba waje wenyewe waone majivu. Wakamwita Mama Majivu, wakamfukuza.

Mwisho akamwendea mwalimu Urbain, mtu wa jimbo la mbali la Kasai aliyeletwa na serikali kufundisha Kiingereza. Urbain akalieleza neno lile kwa raha, utadhani yuko darasani. Zamani huko Ulaya kengele ililia jioni, na watu walifunika moto kweli, nyumba zisiungue. Waingereza wakalichukua kwa Wafaransa, wakalitafuna mpaka likawa curfew, na ndani yake moto hauonekani tena. Siku hizi, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, maana yake ni kwamba mtu asitoke nje.

Hulda alisubiri amalize.

"Donc bwana yangu alitii."

"Alitii neno ya zamani, mama."

"Basi wende ubaambie. Weye uko mutu wa serikali, batakusikia."

Urbain akajifuta chaki vidoleni, polepole, kidole kimoja kimoja. "Mama, miye niko mugeni hapa. Batauliza sababu gani natetea mutu bameshafunga. Batasema niko muasi."

"Unajua neno ilizaliwa wapi, ukoo yake yote," Hulda akasema. "Mais bwana yangu iko wapi, hapana kujua."

Hulda akaondoka bila kuaga.

Baadaye dereva mmoja wa lori alimwambia kwamba waliokamatwa Butembo wamepelekwa Beni. Sasa kila Jumatatu Hulda hupanda lori la mboga, akafika kwenye lango la kambi ya huko na bugali na sombe ya majani ya muhogo. Mlinzi hupokea chakula. Kama Ézéchias yumo, mlinzi hajasema.