Milango ya Bondeni

Tingatinga lilikuwa limeshafika, linanguruma mbele ya kibanda cha kwanza, na Mabruka amekaa mlangoni anachambua maharagwe. Mlango wa pili alikaa Nzula na mtoto wake mchanga. Wa tatu hivyo hivyo. Ndivyo wanawake wa Bondeni walivyozuia vibanda vyao visivunjwe, kwa maana askari waliogopa kubomoa nyumba yenye mtu mchana kweupe. Huko juu, nyuma ya kuta za Lavington, mabwana waliofuliwa nguo na kukatiwa majani na watu hawa walisema Bondeni inawachafulia hewa.

Vijana walishika mawe. Hapo akatokea Muthama, mume wa Nthenya, mchekeshaji wa kwenye baa na harusi. Alikuwa ameufungia mto wa kitandani ndani ya koti, tumbo limetangulia.

"Wananchi!" akaunguruma kama Mheshimiwa. "Uhuru tumepata, sasa kazeni mikanda! Mimi nilijaribu kukaza yangu, ikakatika!"

Lo, watu walicheka! Hata dereva wa tingatinga alicheka. Vijana wakaacha mawe, na jioni askari wakaondoka zao. Tangu siku hiyo Muthama aliamini kwamba mtu anayecheka harushi jiwe, na asiyerusha jiwe hapigwi risasi. Maskini, aliamini kwa moyo wake wote.

Juma lililofuata aliitwa mjini kwa Bwana Kilonzo, afisa wa mambo ya vibanda. Akaletewa chai ya maziwa na keki.

"Muthama, wewe ni Mkamba mwenzangu, sitakuficha," alisema Kilonzo. "Wakubwa wanadhani Bondeni ni wahuni watupu. Waonyeshe ni watu wapole. Jumamosi leta wote Uhuru Park, uwachekeshe, uwaambie watulie. Hata Mheshimiwa mcheke tu, hakuna neno. Wakubwa wakiona hivyo, hii maneno ya kuvunja itakwisha."

"Na milango, mzee? Nani atakaa?"

"Kwani kuna vita? Mkiacha watu milangoni, mtaonekana bado mnashindana na serikali. Leta wote. Malori nitatoa mimi."

Mabruka, mjane wa Lamu aliyeuza mahamri, hakutaka. "Mlango wangu siuachi, Muthama."

"Dada, nimewahi kukudanganya?"

"Hujawahi."

"Basi njoo ucheke kidogo."

Akaja. Walikuja wote, hata wagonjwa. Nthenya tu ndiye aliyekataa, ingawa mumewe alimsihi mpaka akakasirika. "Mto chukua," alisema. "Mimi nabaki."

Jumamosi hiyo Muthama alichekesha kuliko siku zote. "Msimwinulie mtu mkono!" aliwaambia mwishoni, kwa sauti yake mwenyewe. "Tulieni!" Wakaitikia kwa furaha kwamba wametulia. Bwana Kilonzo alipiga makofi, akajifuta machozi ya kicheko kwa leso.

Malori hayakurudi kuwachukua. Walitembea kwa miguu, na walipofika juu ya bonde Nzula akapiga yowe.

Bondeni ilikuwa imelazwa chini. Mabati yamekunjwa, vitanda vimesagwa, unga umemwagika matopeni. Kibanda kimoja tu kilisimama, na Nthenya amekaa mlangoni pake, midomo imekauka.

"Nilipiga kelele mpaka sauti ikaniishia," alimwambia mumewe kwa shida. "Ningekaa milango mingapi?"

Mabruka alimtazama Nthenya, akakitazama kibanda, kisha akamgeukia Muthama. "Kumbe wako ulimwacha akae."

"Haki ya Mungu, dada, nilimsihi aje! Muulize!"

Hakuna aliyeuliza. Muthama akawageukia vijana, mawe yamejaa miguuni mwao. "Basi nipigeni! Nipigeni, jamani!"

Hawakumpiga.

"Si ulisema tutulie?" Mabruka alisema. "Tumetulia." Akainama kutafuta sufuria yake chini ya mabati.

Muthama alikwenda kukaa kando ya mkewe, tumbo la mto bado liko ndani ya koti. Nthenya alihitaji kwenda chooni tangu adhuhuri, lakini hakuinuka. Huko barabarani tingatinga lilikuwa halijazimwa, na dereva amekaa juu yake, anamsubiri ainuke.