Mboga ya Kopo

Vita vilikuwa vimekata reli ya Kabalo, na unga umekuwa hadithi Kalemie, alipofika Aristote na makaratasi yake. Mzaliwa wa Kinshasa huyo, Kiswahili alikiokota kitabuni, akakishika kama anayeshika kambare kwa vidole viwili. Alitumwa aulize kila nyumba imenunua chakula gani, ili wakubwa wa msaada wajue watu walishwe nini.

Mama Domitille angewamalizia kazi kwa neno moja: unga. Mjukuu wake Lucie ametoka kuugua surua, na kila akipewa samaki bila bukari, ule ugali wa kwao, anatapika.

“Mama, wiki hii mulipata mboga?”

“Mboga! Papa, iko ya kumwaga. Asubuhi mboga, mangaribi mboga. Imetuchosha!”

“Na samaki?”

“Si nimekwisha kukuambia?”

Aristote akatia sifuri kwenye samaki. Kalemie mboga ni chochote kinachosindikiza bukari, na samaki ndiye mkubwa wa mboga zote. Kitabu chake kilisema mboga ni majani, basi.

“Unga, Papa! Andika unga!”

“Uko ukurasa wa pili, Mama. Gari linaningoja. Mwezi ujao.”

Wakubwa wakasoma: watu wa ziwani wanashiba majani, samaki hawawajui. Yakaja makasha ya samaki wa kopo, katika mji ambao paka wake huchagua samaki!

“Asante,” Domitille alisema kwenye mgao. “Na maji ya ziwa mutatuletea lini?”

Akabeba makopo yake sita hadi mlimani kwa Papa Ignace, mkulima wa muhogo. Samaki mbichi angeoza njiani, na chumvi ya kumkausha hakuna, lakini kopo halinuki. Akarudi na bakuli moja la unga. Lucie akala bukari, ikatulia tumboni, akaomba tena. Bakuli lilikuwa tupu.

Aristote akarudi, safari hii na ukurasa wa pili.

“Mulinunua unga, Mama?”

Domitille alitaka kujisifu. Akamwona Lucie analamba mwiko mkavu.

“Kununua, hapana. Nilibadilisha na samaki zenu.”

“Kubadilisha hakuna mahali pake hapa. Niandike sifuri?”

“Sifuri, Papa. Inenepeshe, wakubwa wasiiruke.”

Akamshika mkono wenye kalamu. “Lakini kwanza nionyeshe kwenye karatasi: unga iko wapi? Usije ukatuletea kabichi.”