Tai ya Sabato

Kwa miaka miwili na miezi mitatu Motari aliishi boma moja na mama mkwe wake, na katika muda huo wote hakuwahi kumgusa hata mkono. Usicheke. Kwa Wagusii, mwanamume na mama wa mkewe huheshimiana kwa kupeana nafasi: hawapokezani kitu mkono kwa mkono, na chumba anacholala mama, mkwe hakikanyagi. Heshima hiyo huitwa chinsoni, na Motari aliishika barabara hata huku Masara, ugenini kwenye machimbo ya dhahabu, ambako hakuna mzee wa ukoo wa kumchunga.

Kusema kweli, mama Mong'ina hakustahili kuwa pale. Mama huzeekea kwa wanawe wa kiume, na yeye alizaa watatu. Wote walipata kazi mbali, boma la Kisii likabaki na kufuli na magugu. Arasa, mkubwa wao, ndiye aliyempakia mama kwenye gari akamleta kwa dada yake Dolphine, mke wa Motari. Ni wiki mbili tu, alisema, kisha akarudi Nairobi. Wiki za Arasa zilikuwa ndefu.

Jumamosi hiyo Dolphine na binti yao Beverlyne walikuwa Homa Bay, kwenye makambi, ile mikutano ya kanisa ya kila Agosti. Ilikuwa siku ya mwisho na kwaya yake ilikuwa inaimba. Jirani yao Phelesia aliahidi kuja saa tatu kumwogesha mama, na Motari alibaki kulinda boma. Mashine yake ya kusaga mawe ya dhahabu ilikuwa imenyamaza tangu Ijumaa jioni. Alivaa shati jeupe na tai ya samawati, maana hata ukibaki na kuku peke yao, Sabato ni Sabato, akaketi kwenye veranda na redio yake.

Saa nne ilipofika, Phelesia hakuwa ameonekana. Mama Mong'ina hakuwa mtu wa kumsubiri mtu. Alijifunga leso, akabeba ndoo ya maji nusu, akajikokota hadi bafu la mabati nyuma ya nyumba. Motari aligeuza uso ukutani mpaka aliposikia komeo likifungwa, kama alivyofanya kila siku.

Kisha ndoo ikagonga sementi, na kitu kizito kikaanguka baada yake.

Motari alikimbia, akasimama hatua kumi kutoka mlangoni kana kwamba kuna ukuta pale. Aliita. Ndani kulitoka mguno kwanza, kisha sauti.

"Baba Beverlyne," mama alisema, kwa kuwa alimwita Motari kwa jina la mtoto wake siku zote. "Mguu umekataa. Lakini usikuje hapa. Niko vile nilizaliwa."

Motari alikwenda mbio kwa Phelesia akakuta kufuli. Phelesia naye alikuwa amekwenda makambini, ahadi ameisahau. Alimpigia Dolphine, simu ikamwambia mteja hapatikani. Alimpigia Kaltum, mwenye duka la nguo pale senta, akamkuta yuko Migori mjini na mumewe Sharif. Kaltum alisema wanageuza pikapu sasa hivi, ila itachukua nusu saa, labda zaidi. Mwisho akampigia Arasa.

Arasa hakuuliza mama ameumia wapi. Aliuliza ni nani yuko hapo.

"Usithubutu kuingia," alisema aliposikia. "Ukimwona mama yangu uchi, hiyo aibu utaipeleka wapi? Ngoja mwanamke." Akakata simu.

Motari alirudi nyuma ya nyumba. Maji yaliyokuwa yakitoka kwenye tundu la bafu yalikuwa mekundu.

"Mama, hiyo damu inatoka wapi?"

"Kichwa." Sauti ilikuwa imepungua. "Ngoja Dolphine."

"Dolphine yuko Homa Bay, mama."

"Basi ngoja."

Alingoja. Alimkasirikia Phelesia, akamkasirikia Arasa, akaikasirikia hata kwaya. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini hawakumwambia mkwe afanye nini. Aliita mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Hakujibiwa, na tundu liliendelea kutoa wekundu ule.

Alivuta shuka la Dolphine kutoka kwenye kamba ya nguo. Akavua tai, akajifunga nayo macho, mizunguko miwili na fundo kisogoni, kisha akapiga komeo kwa bega mpaka likang'oka. Aliingia kwa magoti. Mkono wake ulipapasa ndoo, ukapapasa sabuni, halafu ukagusa unyayo wa mtu, baridi. Mkono ulitaka kuruka kama uliogusa jiko la moto. Aliulazimisha ubaki. Alitandaza shuka kuanzia miguuni, akipanda kidogo kidogo mpaka kidevuni, na hapo tu ndipo alipofungua macho.

Jeraha lilikuwa juu ya sikio. Alilifunga kwa ile ile tai, akapakata kichwa cha mama mkwe wake mapajani na kukibana kwa viganja viwili. Aliogopa sana, na hofu hiyo haikuwa ya mila tena. Aliogopa kwamba alikuwa amesimama nje muda mrefu mno. Hivyo ndivyo Kaltum na Sharif walivyowakuta.

Hospitalini Migori walishona kichwa, wakasema nyonga imevunjika lakini mama ataishi. Alasiri, Dolphine akiwa bado njiani, simu ya Motari ililia wodini. Alikuwa Arasa. Alikuwa amesikia. Alisema mlango wa mama yake umevunjwa na mkwe, kwamba wazee wataambiwa, na mbuzi wa kutakasa lazima atoke. Motari alisimama nyuma ya pazia la kitanda, akasikiliza.

"Ni Arasa?" mama aliuliza. "Lete."

Motari aliiweka simu ukingoni mwa kitanda bila kutazama, akarudi nyuma. Mama aliichukua.

"Arasa, mimi nilikuwa nimefungua macho," alisema polepole. "Mdomo ndio ulikataa. Nilimwona akitambaa, tai imefunga macho yake, ndio akuje kunichukua. Wewe macho yako iko wazi. Umeniona lini?"

Alisubiri. Kisha akairudisha simu pale pale ukingoni, akauficha mkono wake chini ya blanketi. Motari alisogea, uso umeelekea ukutani, akaiokota. Ilikuwa bado haijakatwa, sekunde zinahesabika.